Mnunuzi anapougeuza mtungi chini juu: anatafuta nini, na bibi anapoteza nini?

Wiki chache zilizopita msikilizaji wetu mmoja wa vijiji vya kando ya ziwa, kaskazini mwa mji wa Kigoma, alitutumia ujumbe wa sauti. Alisema kuna mtu amefika kijijini kwao kwa pikipiki, ananunua vyungu na mitungi ya zamani. Sufuria hataki, ndoo hataki. Anataka vya udongo tu, na vilivyokaa ndani miaka mingi ndivyo anavyovipenda zaidi.

Mama wa msikilizaji huyo akamtolea mtungi wa maji uliokuwa kwenye kona ya nyumba tangu watoto wake wadogo. Mnunuzi akaupokea, akaugonga kwa kidole na kusikiliza, kisha akaugeuza chini juu na kuumulika kitako kwa tochi ya simu. Akasema, "Hauna jina, mama. Nitakupa elfu nane." Biashara ikaisha hapo.

Swali la msikilizaji wetu lilikuwa fupi: "Nyinyi watu wa redio, mtungi unakuwaje na jina? Na ungekuwa nalo, angetupa ngapi?"

Tulilizungumza kidogo hewani, simu zikawa nyingi, na muda ukaisha kabla hatujafika mbali. Ndiyo maana tumeandika makala hii, ili usome polepole kwenye simu yako na umsomee bibi au mama ambaye bado ana mtungi wake ndani.

Kitako cha chombo kinasema nini

Duniani kuna watu ambao kazi yao, au starehe yao, ni kukusanya vyombo vya udongo. Wengi hutafuta vyombo vya kuwekea maua, mabakuli na mitungi iliyotengenezwa kwa mkono na mfinyanzi anayejulikana kwa jina, si vile vilivyotoka kiwandani kwa maelfu. Chombo kikishafikisha miaka thelathini, arobaini au zaidi, na kikawa na alama ya aliyekitengeneza, huanza kutafutwa.

Alama hiyo huwekwa chini, kwenye kitako. Inaweza kuwa jina lililochorwa kwa kijiti udongo ukiwa bado mbichi, au muhuri mdogo uliokandamizwa. Mfano unaojulikana sana ni wa Mwingereza Bernard Leach, aliyefungua karakana yake katika mji wa St Ives mwaka 1920. Vyombo vyake vina muhuri wa herufi B na L, na kando yake muhuri wa karakana. Mkusanyaji akiona mihuri hiyo miwili anajua nani alifinyanga na wapi. Bila mihuri hiyo, chombo kilekile kinabaki kuwa chombo kizuri tu.

Jambo hili si geni kwetu. Mama anayeanika dagaa Kibirizi huandika jina au herufi zake kwa rangi kwenye gunia kabla ya mzigo kusafiri. Gunia likifika mbali na mnunuzi akakuta dagaa safi wasio na mchanga, safari ijayo ataulizia magunia yenye herufi zile. Dagaa ni walewale wa Ziwa Tanganyika, lakini herufi zimebeba sifa ya mikono iliyowaanika. Jina kwenye kitako cha mtungi hufanya kazi hiyohiyo, ila lenyewe hudumu miaka mia.

Mtoto wa Nairobi ambaye vyungu vyake huuzwa kwa mamilioni

Kuna anayeweza kusema haya ni mambo ya Wazungu na vyombo vyao. Hapana. Mmoja wa wafinyanzi wanaouza kwa bei ya juu kabisa duniani leo ni mwanamke wa Afrika Mashariki, Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950.

Odundo alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusoma. Huko ndiko alikoingia kwenye ufinyanzi, lakini alipotaka kujifunza kwa undani alirudi Afrika. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, akakaa na akina mama wanaofinyanga kwa mkono. Alijifunza pia kwa wafinyanzi wa kwao Kenya. Baadaye alihitimu katika chuo kikuu cha sanaa cha Royal College of Art, London, mwaka 1982.

Sasa sikiliza anavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye funzo. Hatumii gurudumu. Anaanza na donge la udongo, anavuta kuta kwa vidole, anaongeza udongo alioviringisha kama kamba, anakwangua na kulainisha. Kisha anapaka ute wa udongo laini na kusugua mara nyingi mpaka chombo king'ae bila kupakwa rangi ya kioo. Akikichoma mahali penye hewa ya kutosha kinatoka chekundu. Akikichoma tena moto ukinyimwa hewa, moshi unaingia ndani ya udongo na chombo kinakuwa cheusi.

Bibi yeyote aliyewahi kufinyanga atakwambia kwamba hatua nyingi za hapo anazijua. Kusugua kwa jiwe laini la mtoni anakujua, na weusi wa moshi anaujua. Hata hivyo, katika minada ya miaka ya karibuni baadhi ya vyombo vya Odundo vimeuzwa kwa zaidi ya pauni 200,000 za Uingereza. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 500, kwa chombo kimoja.

Je, ni jina tu? Si jina tu. Kuna umbo, ambalo yeye hulifikiria kwa muda mrefu na hutengeneza vyombo vichache. Kuna makumbusho makubwa, likiwemo la British Museum la London, yaliyonunua kazi zake na kuziweka hadharani. Kuna vitabu na maonyesho. Lakini yote hayo yanashikiliwa na uzi mmoja, nao ni kwamba kila chombo kinajulikana ni cha nani na cha mwaka gani. Huandika jina lake na mwaka chini ya chombo. Ukikata uzi huo, hakuna kitabu wala makumbusho yatakayoweza kusema "hiki ni chake".

Mama aliyetoka kijijini mpaka kwenye noti

Tumetaja kituo cha Abuja. Mmoja wa wanawake aliowakuta Odundo huko ni Ladi Kwali, na habari yake inatugusa zaidi kwa sababu yeye hakutoka chuoni, alitoka kijijini.

Ladi Kwali alizaliwa katika miaka ya 1920 katika kijiji cha Kwali, Nigeria, na alifundishwa kufinyanga na shangazi yake. Alitengeneza mitungi ya maji na vyungu vya kupikia kama wenzake, akichora mijusi, nyoka na samaki ubavuni. Kazi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba mtawala wa Abuja wa wakati huo aliiweka kwenye nyumba yake. Hapo ndipo Mwingereza Michael Cardew, aliyekuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni kuendeleza ufinyanzi, alipoiona. Alifungua kituo cha mafunzo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Kituoni mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni moto. Kijijini vyungu huchomwa uwanjani kwa kuni na majani. Moto huo unatosha kwa mtungi wa maji, tena uzuri wake ni kwamba udongo unabaki na vitundu vidogo, maji yanavuja kidogo kidogo nje, upepo unayakausha na yaliyobaki ndani yanapoa. Lakini chombo cha namna hiyo ukikiweka maua kwenye meza ya mtu, kitaloanisha meza. Kituoni walichoma kwenye tanuri kwa joto kali zaidi na kupaka rangi ya kioo, chombo kikawa hakipitishi maji.

La pili ni muhuri. Vyombo vya kituo vilipigwa muhuri wa kituo na muhuri wa mfinyanzi mwenyewe. Mitungi ya Ladi Kwali ilisafiri kwenda maonyesho Ulaya na Marekani ikiwa na jina lake. Alifariki mwaka 1984. Leo ukishika noti ya naira 20 ya Nigeria, nyuma yake utamwona yeye na mtungi wake.

Jiulize sasa swali moja. Shangazi aliyemfundisha alikuwa fundi kiasi gani? Huenda alimzidi. Lakini mitungi ya shangazi haina muhuri, na wakusanyaji hawaitafuti.

Jina moja, kijiji kizima

Twende Marekani kidogo, kwenye kijiji cha San Ildefonso, jimbo la New Mexico. Hapo aliishi Maria Martinez, mwanamke wa jamii ya wenyeji wa asili, aliyefariki mwaka 1980 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Karibu na mwaka 1908 wataalamu wa mambo ya kale walichimba karibu na kijiji chake, wakapata vigae vya vyungu vya zamani na kumwomba ajaribu kufinyanga vya aina hiyo. Yeye alifinyanga, mumewe Julian akachora, na baadaye wakapata namna ya kutengeneza vyombo vyeusi vyenye mapambo meusi yasiyong'aa. Wanunuzi wakamiminika.

Mwanzoni hakuandika jina. Alianza katika miaka ya 1920, baada ya wanunuzi kuanza kuuliza ni kipi chake. Bei ikaachana palepale, chenye jina lake kikawa juu na kisicho nalo kikabaki chini. Inasimuliwa kwamba majirani zake walipoona hivyo walimletea vyombo vyao awaandikie jina lake, naye akawa anawaandikia, kwa sababu aliona si vizuri yeye apate na jirani akose.

Tumelitaja hili kwa sababu tunajua litatokea na huku. Kwetu mfinyanzi hafanyi kazi peke yake. Mmoja anachimba udongo, mwingine anatwanga vigae vya kuchanganyia, kuni huletwa na watoto, na uchomaji ni wa pamoja. Jina la nani liandikwe? Ni swali la haki, na tutalirudia hapo mbele.

Vigae vya Uvinza na vyombo vyetu visivyo na wenyewe

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu si mgeni wa ufinyanzi. Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mito ya Malagarasi na Ruchugi, watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi kabla ya wakoloni. Wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo mwaka 1967 na kukuta vigae vya vyungu tabaka juu ya tabaka. Vya chini kabisa vinafikisha takriban miaka 1,500. Kila kigae pale kilikuwa chungu, na kila chungu kilikuwa na aliyekifinyanga.

Ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda, ufinyanzi umekuwa kazi ya Watwa kwa vizazi vingi, kabla sufuria na plastiki hazijawapunguzia soko. Kusini, mwambao wa Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu vinavyopelekwa kwa mitumbwi kwenye soko la Matema. Hao angalau wana jina la pamoja. Mtu wa Mbeya akisema "chungu cha Wakisi", anajua anachosema na yuko tayari kulipa.

Lakini jina la mama mmoja mmoja ni nadra kulikuta. Makumbusho ya Ujerumani yana maelfu ya vitu vilivyochukuliwa hapa kwetu enzi za Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwenye daftari zake mara nyingi utakuta jina la ofisa au mmisionari aliyekikusanya kitu. Aliyekitengeneza huandikwa kwa jina la kabila tu, au haandikwi kabisa. Hivyo aliyebeba ana jina, na aliyefinyanga hana.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumcheka fundi asiyejitengenezea. Lakini itazame tena kwa habari hii. Mfinyanzi anakula kwenye kigae si kwa uvivu. Chombo kizima kimekwenda kwa mwingine, na hakuna kinachomrudisha mnunuzi kwake.

Jina peke yake halitoshi

Tusije tukawapa matumaini ya uongo. Ukiandika jina lako leo kwenye mtungi, kesho hautauzwa mamilioni. Jina lina thamani likiwa na kazi nzuri nyuma yake, tena kazi inayofuatana miaka na miaka.

Pia jina linaweza kughushiwa. Karibu na mwaka 1980 huko Uingereza, wafungwa wa gereza la Featherstone waliokuwa wakifundishwa ufinyanzi walitengeneza vyombo kwa mtindo wa Bernard Leach tuliyemtaja, wakaweka mihuri inayofanana na yake, na vyombo vikafika kwenye minada mikubwa kabla ya kugundulika. Tangu zamani wakusanyaji makini hawaangalii muhuri peke yake. Wanauliza kilinunuliwa wapi, na nani, lini, na kama kuna picha au risiti.

Na kuna walioamua kutoandika jina kabisa. Shoji Hamada wa Japani, rafiki wa Leach na mmoja wa wafinyanzi wakubwa wa karne iliyopita, aliacha kutia sahihi vyombo vyake. Yeye na wenzake waliheshimu sana uzuri wa vyombo vya kawaida vya watu wasiojulikana. Lakini angalia kilichofuata. Vyombo vyake viliwekwa kwenye masanduku ya mbao, na sahihi ikaandikwa kwenye sanduku. Leo chombo chenye sanduku lake hutafutwa zaidi kuliko kisicho nalo. Maana yake si lazima jina likae kwenye udongo. Linaweza kukaa pembeni, mradi lisipotee.

Hilo ndilo lililotupa jibu kwa mama wa msikilizaji wetu na wengine wenye mitungi ya zamani isiyo na jina.

Ufanye nini kama una mtungi wa zamani ndani

Kwanza, uliza leo, usingoje kesho. Nani aliufinyanga? Wa wapi? Ulinunuliwa au ulitolewa mahari, zawadi au urithi? Ulitumika kwa maji, pombe au mboga? Wazee wanaojua majibu haya wanaondoka mmoja mmoja.

Pili, andika. Chukua karatasi ya daftari, andika jina la mfinyanzi, kijiji, mwaka kwa kukadiria, na jina la anayesimulia. Mrekodi bibi kwa sauti kwenye simu. Piga picha ya mtungi ubavuni, mdomoni na kitakoni. Hilo ndilo sanduku la Hamada, na halina gharama.

Tatu, usiusugue. Watu wengi wakisikia mnunuzi anakuja huchukua mchanga na steelwire wakang'arisha. Masizi, alama za vidole na michoro hafifu ni sehemu ya habari ya chombo. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Usipake rangi wala vanishi.

Nne, jua unachouza. Ukiugonga mtungi kwa kidole na ukalia kwa sauti inayovuma, mara nyingi ni mzima. Ukilia kama umepasuka ndani, tafuta ufa. Mnunuzi anajua hilo na atalitumia kushusha bei, kwa hiyo lijue kabla yake. Muulize anaupeleka wapi na ataandika nini kuhusu aliyeutengeneza. Kama anasema utakwenda hotelini au kwa mkusanyaji mjini, huo si mtungi wa kuchotea maji tena, na bei ya sokoni ya mtungi mpya si kipimo chake. Si lazima uuze siku hiyohiyo.

Tano, na hili ni la sheria. Ukilima au ukichimba msingi ukakuta chungu au vigae ardhini, si mali ya kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu hapa nchini kabla ya mwaka 1863. Ili upate picha, huo ni mwaka wa nane kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Vitu hivyo haviuzwi wala kupelekwa nje ya nchi bila kibali, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Acha kitu kilipo, mwarifu mtendaji wa kijiji, naye afikishe habari kwa mamlaka ya mambo ya kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Chungu kikichomolewa ardhini bila mtaalamu kinapoteza habari kama mtungi uliopoteza jina. Hakuna tena atakayejua kilikaa na nini wala tangu lini.

Na mtu akikwambia anataka "vile vya kuchimba", hasa ukiwa Uvinza, fahamu anakuingiza kwenye matatizo yake.

Na wewe unayefinyanga leo

Kama bado unafinyanga, au mama yako anafinyanga, ushauri wetu ni mmoja. Kabla udongo haujakauka, chukua kijiti uandike chini jina, kijiji na mwaka. Kama huandiki, chora alama yako isiyobadilika, mfano samaki, jembe au mistari mitatu, na uitunze iwe yako peke yako. Mwombe mtoto anayesoma aandike kwenye daftari kwamba alama ile ni ya nani.

Kuhusu lile swali la kazi ya pamoja, walivyofanya Abuja ni njia nzuri. Waliweka alama mbili, moja ya kikundi na moja ya aliyefinyanga. Kikundi kinapata sifa yake, na fundi anapata yake. Mkifanya hivyo tangu mwanzo hamtagombana soko likifika.

Kuna swali jingine alilotuuliza mama mmoja kwa simu, na lilitunyamazisha kidogo studio. Alisema, "Mimi hapa wananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Hata sokoni ndilo wanalolijua. Niandike lipi?" Tulimjibu kwamba aandike lile analotaka wajukuu wake walisome. Akacheka, akasema basi ataandika la kwake, alilopewa na baba yake.

Msikilizaji wetu je?

Tulimpigia tena yule aliyetuletea swali. Mtungi wa elfu nane umeshakwenda na hajui uko wapi. Lakini nyumbani umebaki mwenzake, mdogo kidogo, wenye mistari ya kuchanja shingoni. Tukamwomba amuulize mama yake nani aliufinyanga.

Alituletea jibu baada ya siku mbili. Mama yake anakumbuka kwamba uliletwa na mwanamke aliyekuwa akija na mitungi kichwani siku za soko. Anakumbuka sauti yake na anakumbuka alikuwa anachechemea. Jina halikumbuki, maana na yeye walikuwa wakimwita kwa jina la mtoto. Sasa msikilizaji wetu anazunguka kwa wazee wa kijiji cha jirani akiulizia. Huenda akalipata, huenda asilipate.

Wahenga wana methali nyingine, nayo imetoka mikononi mwa wafinyanzi wenyewe: udongo upate ungali maji. Kwa mitungi iliyokwisha kuchomwa, udongo wetu ulio maji ni kumbukumbu za wazee. Kwa ile inayofinyangwa wiki hii, udongo ni udongo kweli, na kijiti kiko hapo pembeni.

Ukiwa na mtungi ndani na ukamjua aliyeufinyanga, turekodie sauti fupi: jina lake, kijiji chake na unachokumbuka juu yake. Tutawasoma majina yao hewani, mmoja baada ya mwingine. Inaweza kuwa mara ya kwanza majina hayo kutajwa mbele ya watu wengi kiasi hicho.